Shingo Nene ya Ami Omari

Nimestaafu mwezi uliopita. Ufunguo wa karakana ya hoteli nimeukabidhi, nikapewa karatasi nitie saini, nikatia, basi. Miaka yote ile ikaisha kwa saini. Sasa niko nyumbani Mwabungo, nalala mchana, nikiamka najinyoosha kisha nalala tena. Sikujua kuwa mtu anaweza kuchoka hivi baada ya kuacha kazi. Nilidhani uchovu ni kitu unachokiacha kazini, ukakitundika msumarini pamoja na aproni.

Lakini nyinyi watu wa bendi hamjui kumwacha mtu apumzike. Siku tatu sasa simu yangu inalia kwa jumbe za kikundi chetu. Hoteli imekubali kununua gitaa jipya la solo, na Riziki, ambaye ndiye atakayelipiga, ameambiwa achague. Mwenye duka kule Ukunda amesema atayaleta magitaa matatu, wayajaribu, mawili yarudi. Basi imekuwa vita. Mmoja anasema lazima shingo iwe nyembamba, ndiyo ya kisasa. Mwingine anasema nyembamba haina sauti. Wa tatu, ambaye hupiga ngoma na gitaa hajawahi kulishika, ndiye anayeandika marefu kuliko wote. Kisha Riziki akaniandikia peke yangu: "Shikamoo, Baba Ndoro. Wewe shingo hizi umezichonga na umezipiga. Tuamulie, tafadhali."

Marahaba, mwanangu. Kuamua siwezi. Nitakueleza kwa nini siwezi, na wenzako wasome pia. Mtanisamehe nikizunguka, maana jibu langu linaanzia mbali, kwenye mipini ya mashoka.

Baba yangu alikuwa mchonga mipini kule Samburu ya pwani, kwetu Waduruma, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Wateja wake walikuwa wachungaji, wakata kuni na madereva wa malori waliovunjikiwa na nyundo safarini. Alikuwa na ada yake moja iliyowaudhi wengi. Ukija kutaka mpini, kabla hajagusa mti, anachota udongo wa mfinyanzi kutoka kwenye debe, anaufinya uwe kama mkate mrefu, anakwambia: "Lete mkono." Unaukamata ule udongo kama unavyokamata shoka, unauminya, unauacha. Alama za vidole vyako zinabaki pale, na yeye anachonga akizitazama. Dereva mmoja mwenye haraka alimwambia, "Mzee, mimi nataka mpini, sitaki kupigiwa ramli." Baba alikaa na udongo wake mkononi mpaka yule bwana akatoa mkono.

Nilipomuuliza kwa nini asitazame tu kiganja cha mtu na kukadiria, alisema mpini haushikwi kwa macho. Nilikuwa mtoto, nikaona ni maneno ya wazee. Nimeyaandika hapa kwa sababu niliyasahau siku niliyoyahitaji.

Hotelini Diani niliajiriwa useremala. Vitanda, milango, viti vya ufukweni ambavyo wageni wanene huvivunja kisha wakatazama kando. Siku yangu ya kwanza sikuwa hata nimejua mlango wa choo uko wapi. Nilikuwa nainoa randa, akaingia mtu mrefu, mweusi tii, shati jeupe limepigwa pasi, amebeba gitaa la umeme kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Shikamoo, ami," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi mpya? Watoka wapi?"

"Samburu."

"Lo! Samburu kule ambako mbuzi wenu wanakula maboksi?"

"Wanakula maboksi wakikosa kofia za wasafiri."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. Huyo ndiye Omari, mtu wa Gazi, mpiga solo wa bendi. Tangu siku ile mimi nilimwita Ami Omari, na yeye alinitania Uduruma wangu mpaka siku aliyoondoka. Gitaa lake lilikuwa linacheza shingoni. Shingo ile ilishikwa kwenye mwili kwa skrubu nne, na matundu ya skrubu yalikuwa yamepanuka kwa jasho na hewa ya chumvi. Nikayajaza njiti za mti mgumu na gundi, nikamwambia alirudie kesho yake. Alipolirudia na kulipiga, aliniuliza, "Na kupiga je, wataka kujifunza?"

Ndivyo nilivyoingia. Mchana, wakati wa mapumziko ya chakula, alinifundisha hapo karakanani, nimekaa juu ya benchi la useremala. Alikuwa mwalimu mwenye maneno machache na mengi yao ni ya kukejeli. Kosa langu kubwa lilikuwa kuikaba shingo ya gitaa kama niliyemkamata mtu. "Ilegeze, bwana, ilegeze," alikuwa akisema. "Gitaa si mwizi. Halikimbii." Ilinichukua mwaka kuilegeza. Baada ya miaka miwili wakanitia kwenye bendi kupiga ridhim, gitaa la kusindikiza, nikaendelea pia na vitanda na milango, na kila gitaa lililougua lilikuja kwangu.

Basi Riziki, hapa ndipo swali lako lilipo. Ukitaka kulijua umbo la shingo ya gitaa, fikiria umeikata kipande cha mviringo kama unavyokata muhogo, ukautazama ule uso wa mkato. Upande wa mbele, penye nyuzi, huwa bapa karibu kwa magitaa yote. Tofauti iko nyuma, pale kiganja kinapolala. Kuna iliyoviringika vizuri kama herufi C, hiyo ndiyo ya watu wengi, haiudhi wala haifurahishi. Kuna nyembamba, mgongo wake bapa, kama herufi D iliyolala, wapigaji wa mbio wanaipenda maana vidole vinafika upesi. Kuna yenye uti katikati kama mkuku wa mtumbwi, hiyo ni V, wenye kupitisha kidole gumba juu ya shingo wanaielewa, wengine inawachoma tu. Na kuna nene, yenye mabega, U, ambayo ukiishika unajaa mkono mzima. Usidanganyike na upana wa pale juu kwenye vigingi vya nyuzi. Shingo nyingine inaanza nyembamba halafu inanenepa kuelekea mwilini, na ukiijaribu dukani kwa dakika mbili hutajua.

Usisahau vanishi pia. Vanishi ya kung'aa hapa kwetu, na joto hili, inanata kiganjani kama ubuyu. Mimi nilikuwa naikwangua kwa kipande cha chupa iliyovunjika, nikapitisha msasa laini, nikapaka mafuta. Kila aliyejaribu alishukuru. Na msimu wa mvua shingo hupinda, usikimbilie kulaumu nyuzi.

Gitaa la Ami Omari lilikuwa na shingo nene kuliko zote nilizowahi kuziona. Lilikuwa la zamani, alilinunua kwa baharia mmoja, na bendi nzima ilikuwa imelibatiza jina: Mchi. Alasiri, tukijipanga kando ya bwawa la kuogelea kwa kipindi cha wageni wa chai, lazima mmoja aanze. "Ami, leo tunatwanga nini?" Naye, bila kuinua macho: "Natwanga mimi, nyinyi kazi yenu kula." Kisha anapiga. Sijui nikuelezeje upigaji ule. Noti zake zilikuwa hazina haraka, na kila moja ilifika. Wageni waliokuwa wamelala kwenye viti waliamka, na wale waliokuwa macho waliacha kuzungumza.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma.

Mnajua desturi ya bendi zetu za pwani, hata leo iko. Ukikaribia mwezi mtukufu, wapigaji Waislamu wanatundika vyombo mpaka Idd. Sisi wa kanisani tunaobaki tunawapigia wageni kwa upole, watu watatu au wanne. Na wale wanaofunga, kabla hawajaaga, walikuwa wananiletea mimi magitaa yao. Mwezi ule ndio ulikuwa msimu wangu wa ukarabati. Nilikuwa na waya mrefu karakanani, nayatundika yote kwa mstari, kila moja na kikaratasi: hili nyuzi, hili freti, vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo, zimelika, hili sauti inakoroma.

Mwaka ule Ami Omari alileta Mchi siku moja kabla ya mwandamo. "Litie nyuzi mpya na ulifute vumbi," akasema. "Tusameheane, Ndoro. Nimekutukana sana mwaka huu."

"Mimi pia nimekutukana, ami."

"Wewe hujui kutukana. Nitakufundisha baada ya Idd."

Akaenda zake. Nikabaki nalitazama lile gitaa. Wiki moja kabla, mgeni mmoja mpiga gitaa alikuwa ametuachia lake jipya tulijaribu, shingo nyembamba ya D, laini kama sabuni iliyotumika. Bendi nzima ilipagawa. Hata Ami Omari alilishika, akalipiga kidogo, akalirudisha na kusema, "Zuri. Chepesi." Mimi nikasikia lile "zuri" tu. Na miaka mingi nilikuwa natafuta la kumfanyia yule mtu. Alinipa kazi ya pili, alinipa muziki, alikuja Samburu kumzika baba yangu, akakaa siku tatu akila ugali wetu wa mtama bila kulalamika. Nikasema: huu mchi nitauchonga. Idd atakuta shingo kama ile ya mgeni.

Nilifanya kazi ile mwezi mzima, jioni kwa jioni kabla jua halijatua, kazi za vitanda zikiisha. Nilikwangua vanishi. Nilipitisha randa ndogo kidogo kidogo, maana ndani ya shingo kuna ufito wa chuma, na ukizidisha unaufikia, umeua gitaa. Nilipima kwa kadi niliyoikata kufuata shingo ya gitaa la mgeni. Msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mafuta mara tano. Nakiri nilijivunia. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, wala sikufanya nyingine baada yake.

Idd pili akaja, kanzu mpya, ana sahani ya halua imefunikwa kitambaa. Nikampa gitaa. Akalishika. Mkono wake wa kushoto ukazunguka shingo, ukapanda, ukashuka. Akaupandisha tena polepole, nami nikahesabu kuwa ni furaha.

"Umefanya hivi mwezi mzima?" akauliza.

"Mwezi mzima, ami. Ni Idd yako."

"Mashallah," akasema. Akanitazama usoni, si gitaa. "Mashallah, Ndoro. Mola akulipe. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivi."

Alasiri ile alipiga kando ya bwawa, na bendi ikapiga makofi kwa shingo mpya. Mchi umekonda, wakasema, umeingia darasa la mazoezi. Yeye akacheka nao.

Baada ya hapo mambo yakaanza kugeuka, nami nilikuwepo na sikuyaona. Kwanza akawa anaomba kipande cha barafu kutoka baa, anakishika katikati ya nyimbo. Joto, akasema. Halafu akaanza kuwaachia wengine solo ndefu. "Vijana nao wapate," akasema. Kisha akaomba apige ridhim, mimi nikapandishwa kwenye solo badala yake, na nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi! Kabla Ramadhani nyingine haijafika akasema ameacha. Uzee, akasema. Hakuwa amefika miaka hamsini na tano. Tulimkatia keki, akatoa hotuba ya maneno sita, akabeba gitaa lake akarudi Gazi kupanda mikoko na kikundi cha kijiji.

Nami nikaamini ni uzee. Nilipiga solo zake kwa miaka tisa. Watu wakasema ninapiga vizuri. Nilikuwa napiga upesi tu.

Mwaka wa tisa nikasikia ana homa ya muda mrefu, nikaenda Gazi kumjulia hali. Mkewe, Bi Mwanasha, alinipokea barazani, akaniambia mgonjwa amelala kidogo, nisubiri. Akaniletea chai na mahamri. Kisha akasema, "Baba, wewe ni fundi. Hebu nitazamie gitaa lake, liko chini ya kitanda cha wageni, nahofia kutu." Akaingia ndani, akalivuta, akaniletea.

Shingo ilikuwa imefungwa. Kutoka juu mpaka karibu na mwili, upande wa nyuma, ilikuwa imewekewa vipande vya mpira wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka, na juu yake kitambaa cha kanga kuukuu kimezungushwa na kufungwa kwa kamba. Kanga ilikuwa nyeusi kwa jasho pale katikati. Nilidhani limevunjika.

"Hili limevunjika lini, Bi Mwanasha?"

"Halijavunjika. Ni yeye ndiye aliyelifunga, liwe nene. Miaka mingi hiyo, tangu angali kazini kwenu. Akiwa hapa nyumbani analivika, anapiga vizuri. Siku zile akienda hotelini alikuwa analivua."

"Alilivua kwa nini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hula. "Usije ukaona, baba."

Nikaweka kikombe chini. Akanieleza kwa utaratibu, akidhani najua nusu yake. Omari alipokuwa kijana alikuwa akikata boriti za mikoko, kabla haijakatazwa. Panga lilimteleza, likamkata mshipa wa kidole gumba cha kushoto. Kidonda kikapona, lakini gumba halikuweza tena kukandamiza. Shingo nyembamba inataka gumba liminye kwa nyuma, vidole viminye kwa mbele. Shingo nene inajaa kiganja chenyewe, gumba linapumzika tu. Ndiyo maana alilitafuta gitaa lile bandari nzima mpaka akalipata kwa baharia. Na ndiyo maana alinikemea kila siku nisikabe. Yeye mwenyewe hakuwa na cha kukabia.

Nilikaa na mtu yule miaka kumi na nne, sikuwahi kuliona gumba lake. Gumba la mpiga gitaa liko nyuma ya shingo, nani analitazama? Lakini mimi ni mtoto wa mchonga mipini. Neno moja tu lingetosha. Sikusema "lete mkono". Nilichukua kipimo cha mkono wa mgeni nikamchongea Ami Omari.

Alipoamka nikaingia. Sikumwamkia hata.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwenye hasira, na kweli nilikuwa na hasira, sikujua ni juu ya nani.

Akaliona gitaa mkononi mwangu, na mpira na kanga yake. Akavuta pumzi. "Mwanasha huyu," akasema. Kisha: "Ningekuambiaje, Ndoro? Ulikaa na kitu changu mwezi mzima. Ulifunga nacho kuliko mimi nilivyofunga. Mtu akikuletea sahani siku ya Idd, utamwambia chumvi imezidi?"

"Hii si sahani, ami! Ni mkono wako! Ni kazi yako!"

"Basi. Na wewe mbona hukuniuliza?"

Yeye alinistahi, nami nilitaka kumshangaza, na kati ya heshima yake na mshangao wangu muziki ule ukapotea. Tulikaa pale, kuku wanaingia na kutoka, mpaka akasema, "Kunywa chai yako, imepoa."

Nilirudi Gazi Jumapili iliyofuata na mkate wa udongo wa mfinyanzi nimeufunga kwenye nailoni. "Lete mkono," nikamwambia. Akacheka, akakohoa, akautoa. Mara ya kwanza nikaliona gumba lile mchana kweupe, limenyooka, kovu limepita kutoka kifundoni mpaka kwenye kiganja. Aliuminya udongo polepole, nikaurudisha Diani nimeupakata, na gitaa nikalichukua.

Shingo ile mpya niliichonga kwa mvule wa mlango wa zamani wa hoteli, mti uliokauka miaka isiyohesabika. Ufito wa chuma niliutoa kwenye ile ya kwanza, freti nikaziagiza Nairobi. Sikukimbia. Ilinichukua miezi mitatu, na kila nilipopitisha msasa nilirudi kuutazama udongo. Ilitoka nene, mbaya kwa macho, imejaa upande mmoja kuliko mwingine. Mtu mwingine akiishika ataona imepinda.

Nilipompelekea, homa ilikuwa imemwacha lakini ilikuwa imeondoka na mwili wake mwingi. Akaketi kitandani, akalipakata gitaa. Mkono ukazunguka shingo, ukapanda, ukashuka.

"Ewaa," akasema. Macho ameyafumba. "Ewaa, Ndoro. Ndiyo hii."

Akapiga. Noti nne, tano, zile zake zisizo na haraka. Bi Mwanasha alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Kisha vidole vikakosea. Akarudia, vikakosea tena pale pale. Miaka tisa ya kupiga kidogo nyumbani, kisha ugonjwa, vilikuwa vimekauka. Akajaribu mara ya tatu, akaacha. Akazifunika nyuzi kwa kiganja ili zisilie zaidi.

"Mchi umerudi," akasema. "Mtwangaji ndiye hayupo."

Nililia mbele yake, mtu mzima, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Alifariki mwaka uliofuata. Baada ya arubaini Bi Mwanasha aliniita, akanipa gitaa. Akasema marehemu aliusia lije kwangu, na alisema hivi: watu wa randa na msasa magumba yao huchoka mapema, Ndoro atalihitaji. Nikashukuru kwa adabu. Moyoni nilisema hii ni huruma tu, mimi mkono wangu mzima. Nikalitundika nyumbani, na sikulipiga. Sikuwa na uso wa kulipiga.

Riziki, magitaa matatu yakija, usiulize kikundi. Usiulize mpiga ngoma. Usiniulize hata mimi. Wamekwambia una mkono mdogo basi utake shingo nyembamba. Huo ni mpini unaoshikwa kwa macho. Kaa na kila moja saa nzima, piga mnayopiga kila siku, kisha uliweke chini na usikilize hapa, kwenye nyama ya chini ya gumba. Likikuambia limechoka, liamini. Na kama umeshalishika moja likakuumiza, na mtu mnayeheshimiana ndiye aliyekusifia hilo, mwambie limekuumiza. Mwambie siku ile ile. Usilivike kanga.

Mmeniuliza pia mbona nimestaafu kabla ya muda wangu. Niliwajibu uzee, kwa kuwa ndilo jibu nililofundishwa. Ukweli ni gumba la kushoto. Miaka miwili sasa usiku halinipi usingizi, na tangu mwaka jana mlikuwa mnaniona na barafu katikati ya nyimbo, mkadhani ni joto.

Juzi asubuhi nikalishusha gitaa la Ami Omari msumarini, nikalifuta vumbi, nikalitia nyuzi. Nikalishika. Ile shingo mbaya niliyoichonga kufuata udongo wake ikaingia kiganjani mwangu na kujaa pote, gumba likalala nyuma bila kuminya chochote. Nikapiga polepole. Nilipiga saa nzima, na hapakuwa na maumivu hata kidogo, na ndipo nilipojua, kwa mkono wangu mwenyewe, ni kitu gani nilichomnyang'anya siku ile ya Idd.